Kwa vijana wanaoniomba mbegu za uyoga wa maruweruwe: naomba tuzungumze kwa kirefu

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na poleni na mvua kwa mlioko maeneo ya mabondeni.

Mimi ni mkulima wa uyoga aina ya mamama hapa Ihumwa, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Tangu nilipoanza kuweka picha za banda langu mtandaoni, haupiti mwezi bila kijana mmoja au wawili kuniandikia pembeni wakiniuliza kama ninazo mbegu za ule uyoga unaoleta maruweruwe, ambao wengine wanauita uyoga wa kichawi, au kama ninaweza kuwaelekeza namna ya kuuotesha chumbani. Wengi wao si wahuni. Wanaandika kwa adabu, wamesoma, na baadhi yao hunieleza mambo mazito: usiku usio na usingizi, msiba usiokwisha moyoni, sonona ambayo vidonge havikuigusa. Nimekuwa nikiwajibu kwa mstari mmoja kwamba sina na sitoi, na kila mara nimebaki na uzito rohoni, kwa sababu mtu aliyeuliza kwa moyo alistahili kuelezwa sababu. Ndiyo maana nimeuanzisha uzi huu.

Kwanza niseme kwamba udadisi wao ninauelewa kabisa. Ukiifungua mifuko baada ya wiki mbili na nusu ukakuta utando mweupe umeyashika mabua ya mpunga yote, yamegandamana kuwa kitu kimoja kigumu kinachonuka kama msitu baada ya mvua, kisha baada ya siku chache ukaona vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti vinachomoza kwenye tundu, huwezi kurudi kuwa mtu yule yule. Kuvu si mmea na si mnyama. Anayeanza kumfuatilia atataka kujua kila jamaa yake, na atafika tu kwa hawa wanaogusa akili ya binadamu. Mimi mwenyewe nilifika huko kwa kusoma.

Nilichokikuta ni hiki. Uyoga unaozungumzwa sana ni wa jamii iitwayo kitaalamu Psilocybe. Wamazateki wa milima ya Oaxaca, nchini Meksiko, waliutumia tangu zamani usiku, kwa nyimbo na maombi, chini ya mganga, pale mtu alipokuwa mgonjwa au jambo zito lilipotaka jibu. Mwaka 1955 Mmarekani R. Gordon Wasson, mfanyakazi wa benki aliyependa uyoga, alikaribishwa kwenye ibada hiyo na mganga aliyeitwa María Sabina katika mji wa Huautla de Jiménez, na mwaka 1957 akaichapisha habari hiyo katika jarida kubwa la Marekani. Mwaka uliofuata mkemia Albert Hofmann, huko Basel, Uswisi, akaitenga kemikali yenyewe, ambayo ni silosibini. Wazungu wakamiminika Huautla kutafuta uyoga kwa ajili ya starehe, askari wakafuata nyuma yao, wenyeji wakamlaumu María Sabina kwa kuitoa siri ya kijiji, na nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki mwaka 1985 akiwa maskini. Kisa hiki kinaniuma kila ninapokikumbuka, kwa sababu mama huyu aliwapokea wageni kwa wema, na walichokichukua kwake kilikuwa uyoga peke yake; usiku, nyimbo, maombi na mtu wa kukaa na mgonjwa waliviacha kule kule mlimani.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka silosibini katika jedwali la kwanza, lile lenye masharti makali kuliko yote, na hapa kwetu ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kuzalisha, kumiliki na kuuza vitu vya aina hiyo ni kosa la jinai. Kijana atakayekutwa na ndoo ya uyoga huo chini ya kitanda hataulizwa kama alikuwa anajitibu.

Hata hivyo, si sheria peke yake inayonizuia. Mpwa wangu alinunua uyoga uliokaushwa kutoka kwa mtu wa mtandaoni, akiwa ameambiwa kwamba ni salama kwa kuwa ni wa asili. Alikula jioni ya Jumamosi. Saa nne usiku nilipigiwa simu, nikamkuta amejikunja nyuma ya mlango wa choo, ameshika beseni kwa mikono miwili kana kwamba ni usukani wa gari, akiniomba nizime taa ambayo ilikuwa imezimwa tayari. Nilikaa naye sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Kilichofuata ndicho kigumu zaidi: kwa wiki kadhaa hakulala vizuri, alisikia jina lake likiitwa, na ilibidi aanze kwenda kliniki ya magonjwa ya akili. Upande wa baba yake ugonjwa wa akili ulikuwepo, na wazee walikuwa wanaujua. Aliyemuuzia hakumuuliza swali hilo, wala hakuwa na sababu ya kuuliza. Kijana yuko salama sasa, na ameniruhusu niandike haya.

Kwa hiyo mbegu hizo sitatoa, wala maelekezo ya kuziotesha. Maswali mengine yote nitayajibu kwa kadiri ya ujuzi wangu.

Kijana wa Ng'ong'ona

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kuandika kwa heshima, kwa sababu kwingine tukiuliza tunatukanwa. Pole kwa yaliyompata mpwa wako.

Nina mambo mawili. La kwanza, nimesoma kwamba spora zenyewe, yaani ule unga wa uyoga unaofanya kazi ya mbegu, hazina silosibini ndani yake, na kwamba huko Marekani zinauzwa waziwazi kwa ajili ya kutazamwa kwenye hadubini. Je, hapo kosa liko wapi? La pili, madaktari wakubwa wanasema uyoga huu unaponya sonona. Kama unaponya, kwa nini mtu asiye na fedha ya kwenda kutibiwa ng'ambo asijioteshee dawa yake?

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu.

Kwa la kwanza, ni kweli kwamba spora hazina kemikali hiyo, na katika majimbo mengi ya Marekani zinauzwa kwa mwanya huo, ingawa machache, kama California, Georgia na Idaho, yameuziba. Lakini mwanya wa sheria ya Marekani haumlindi mtu aliyeko Dodoma. Hapa kwetu kuingiza kiumbe hai cha namna hiyo kunataka kibali cha afya ya mimea, hata kama ni uyoga wa kuliwa. Na siku spora ile itakapoota na kutoa kofia, utakuwa umezalisha kitu kilichokatazwa. Hadubini inunue, ni chombo kizuri. Spora za mamama zinatosha kukufundisha kila kitu cha kuona humo.

La pili namwachia mfamasia wetu, ambaye najua anausoma uzi huu.

Mfamasia wa Area C

Nimeitwa, nami nimeitika. Naomba mnivumilie, maana swali la kijana ni zuri na linahitaji nafasi.

Silosibini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa silosini, na silosini hushika vipokezi vya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, hasa aina inayoitwa 2A. Hali hiyo hudumu takriban saa 4 hadi 6. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 233 katika nchi 10, wote wakiwa na sonona iliyokwisha kushinda dawa nyingine. Waligawanywa katika makundi matatu, na kila mmoja alipewa dozi moja tu ya miligramu 25, 10 au 1. Baada ya wiki tatu, watu 37 katika kila 100 waliopewa miligramu 25 walikuwa wamepata nafuu kubwa, ukilinganisha na 18 katika kila 100 wa dozi ndogo kabisa. Hilo ni jambo la kutia moyo na sitalibeza, maana nimeona sonona inavyomkausha mtu akiwa hai. Lakini soma mpaka mwisho wa jaribio: kufikia wiki ya 12, waliobaki na nafuu hiyo katika kundi la dozi kubwa walikuwa 20 katika kila 100. Vilevile, katika makundi yote walikuwepo watu waliopatwa na mawazo ya kujidhuru, na walionekana kwa sababu kulikuwa na wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia.

Sasa angalia kile ambacho hakimo katika habari za mitandaoni. Wagonjwa wale hawakula uyoga. Walimeza kidonge cha silosibini iliyotengenezwa maabara, yenye kipimo kinachojulikana hadi miligramu. Kabla ya hapo walichujwa, na wenye historia ya magonjwa kama skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwepo, waliwekwa kando. Waliandaliwa kwa mazungumzo, wakalazwa kwenye chumba tulivu na mtaalamu akikaa pembeni kwa saa zote, kisha wakarudi kuzungumza naye. Australia, ambayo tangu Julai 2023 imewaruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili wenye idhini maalumu kuitoa dawa hii, inafanya kwa utaratibu wa namna hiyo hiyo. Uyoga uliooteshwa kwenye ndoo hauna kipimo: vichwa viwili vilivyochumwa siku moja kwenye ndoo moja vinaweza kutofautiana nguvu mara kadhaa, na macho hayawezi kutambua. Kwa hiyo anayesema anajioteshea dawa, ukweli ni kwamba anajioteshea kemikali bila dozi, bila kuchujwa na bila mtu wa kukaa naye.

Naongeza jambo moja kwa wanaotumia vidonge vya sonona: msiviache ghafla ili kujaribu kitu kingine. Zungumzeni na aliyewaandikia. Kwa wakazi wa hapa, huduma ya magonjwa ya akili ipo karibu kuliko tunavyokubali, kwa kuwa Hospitali ya Mirembe iko mjini kwetu. Jina lake tumelifanya la kutukaniana tangu tukiwa watoto, na kwa sababu hiyo watu wanaona aibu kupita kwenye geti lile wakati ndani yake kuna madaktari ambao mtu wa mkoa mwingine anasafiri siku nzima kuwafuata.

Mama wa Mpwapwa

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mstaafu, na nasoma zaidi kuliko ninavyoandika, lakini hapa naomba niseme.

Sisi tulikua tunaokota uyoga. Mvua za mwanzo zikinyesha, mama alituamsha kabla jua halijawa kali, twende kwenye vichuguu kabla ya mbuzi na funza. Aliyetufundisha hakutumia picha. Alitushikisha: alituambia tuchimbe taratibu kuufuata mguu chini, kwa sababu uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye nyumba ya mchwa, na ule usio na mzizi huo tuuache hata kama kofia inafanana. Tulikuwa na aina chache tu tulizozijua, na zile nyingine zote hazikuwa na jina nyumbani kwetu. Usio na jina haukuingia chunguni.

Ninachokiona sasa ni watoto wa mjini wanaookota kwa simu. Anapiga picha, anaulizia mtandaoni, mtu wa nchi nyingine ambaye hajawahi kukanyaga udongo huu anamjibu, naye anakula. Nawaombeni sana wanangu, msifanye hivyo, iwe kwa maruweruwe au kwa mboga.

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Mama, shikamoo. Umeniwahi, na umesema vizuri kuliko nilivyokuwa nimeandaa.

Huo mzizi uliotufundisha ndio alama ya Termitomyces, uyoga unaolimwa na mchwa wenyewe. Mchwa hutafuna majani na miti mikavu, huijenga kuwa kitu kama sega, na juu yake huotesha utando wa kuvu ambao ndio chakula chao. Mmoja wa jamii hii, uliotambuliwa kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980, hufikisha kofia yenye upana wa karibu mita moja. Binadamu kwa maarifa yetu yote bado hatujaweza kuulima kibiashara kama mchwa anavyoulima, na huwa nasimama mbele ya kichuguu nikiwa na heshima ya mwanafunzi.

Kuhusu kufananisha kwa picha, naongeza tukio moja lililojulikana. Mwaka 1981 katika jimbo la Washington, Marekani, vijana walikula uyoga mdogo wa kahawia wakidhani ni wa maruweruwe, kumbe ulikuwa Galerina, na mmoja wao alifariki. Sumu ya Galerina ni amatoksini, ile ile ya uyoga wa Amanita unaoua watu wengi duniani. Ubaya wake ni kwamba mlaji hukaa saa 6 hadi 24 bila dalili yoyote. Kisha hutapika na kuharisha sana, halafu hupata nafuu ya siku moja inayomfanya aamini kwamba amepona, na wakati huo ini linakufa. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mtu akitapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini, asisubiri nafuu. Apelekwe hospitali akiwa na mabaki ya uyoga wenyewe.

Mwana Kizota

Mkuu, na ule mwekundu wenye madoa meupe ambao uko kwenye kila picha na kila fulana? Nilidhani ndio wenyewe.

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Hapana kaka. Huo ni Amanita muscaria, na hauna silosibini hata kidogo. Kemikali yake ni nyingine, muskimoli, na unachofanya mwilini ni kingine: usingizi mzito, kuchanganyikiwa, misuli kurukaruka. Unaishi na mizizi ya miti kama msonobari, na ulifika hadi Afrika Kusini ukiwa umepanda kwenye udongo wa miche. Kwa nchi kavu ya miiba kama hii yetu ya Ugogo si rahisi kukutana nao.

Kijana wa Ng'ong'ona

Mzee wangu, na wakuu wengine, naomba msaada wa haraka.

Sikusema ukweli wote jana. Swali langu halikuwa la vitabu tu. Baada ya mvua ya juzi, umeota uyoga mkubwa kwenye majani ya bustani nje ya hosteli tunayopanga. Wenzangu wawili wameuchuma, vichwa saba, na wameuhifadhi kwenye boksi la viatu. Wanasema ukiuminya unabadilika rangi, na kwamba wamesoma mtandaoni kuwa hiyo ndiyo dalili ya ule wa maruweruwe. Wamepanga kuula Ijumaa usiku. Ni mweupe, kofia pana kama sahani ya chai, ina magamba ya kahawia katikati na pete kwenye mguu. Kimoja ninacho mimi.

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Mdogo wangu, umefanya vyema kusema. Kwanza waambie wasiule, leo hii. Kubadilika rangi si ushahidi wa chochote. Uyoga wa jamii nyingi hubadilika rangi ukiminywa, kuanzia wa kuliwa hadi wa sumu.

Pili, tufanye kitu ambacho kila anayependa uyoga anapaswa kukijua. Kata mguu karibu na kofia. Chukua karatasi nyeupe, ilaze kofia juu yake huku yale mapindo membamba ya chini yakigusa karatasi. Kwa kuwa hewa yetu ni kavu, weka tone moja la maji juu ya kofia, kisha ifunike kwa bakuli la kioo. Iache usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi inua polepole, uangalie rangi ya unga uliodondoka. Hizo ndizo spora. Kuushika hakuna madhara, ila nawa mikono.

Nina wazo langu, lakini sitalisema kabla hujaona mwenyewe.

Mama wa Mpwapwa

Mwanangu, ukiamka utuandikie. Nitasubiri.

Kijana wa Ng'ong'ona

Nimeamka saa kumi na moja kuangalia. Umetoka mchoro mzuri ajabu, kama spoku za baiskeli. Rangi yake ni kijani. Si kijani cha majani mabichi, ni kama kijani iliyochanganyika na majivu. Nimeipeleka dirishani kwenye mwanga na bado ni kijani.

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Hicho ndicho nilichokihofia. Unga wa kijani ni alama ambayo karibu uyoga mmoja tu mkubwa wa bustanini unayo: Chlorophyllum molybdites, uliosambaa katika nchi zote za joto na unaopenda majani ya bustani hasa baada ya mvua. Hauna silosibini. Una sumu ya tumbo, na ndani ya saa moja hadi tatu mlaji hutapika na kuharisha, mara nyingine mpaka damu na kuishiwa maji kabisa. Ukiwa mchanga, mapindo yake ya chini ni meupe, hivyo watu wengi huuchuma wakidhani ni mboga.

Wapelekee karatasi hiyo waione kwa macho yao. Usiwahubirie.

Kijana wa Ng'ong'ona

Nimewaonyesha. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama naye anaweza kuufanya mchoro kama ule. Tumefanya na vile sita vilivyobaki, vitano vimetoa kijani na kimoja kilikuwa kimeoza. Boksi tumelitupa, michoro tumeibandika ukutani.

Huyo mwenzangu ndiye mwenye msiba, mzee. Mama yake alifariki mwezi wa tisa. Jumatatu nitamsindikiza kwenye kliniki aliyoitaja mfamasia, amekubali. Na Jumamosi, kama hutojali, tunaomba kuja Ihumwa wote watatu kuona banda.

Mkulima wa Ihumwa (mleta uzi)

Njooni saa mbili asubuhi kabla jua halijapanda. Jumamosi tunakata mabua yaliyotoka Bahi na kuyachemsha kwenye pipa, kwa hiyo vaeni nguo za kazi, na leteni barakoa kwa sababu unga wa mamama ukivutwa kila siku unachosha mapafu. Banda liko upande wa kushoto baada ya mbuyu uliopasuka. Mtaona magunia yaliyoloweshwa yamening'inia mlangoni. Huyo mwenye msiba mwambie nitampa mfuko wake mwenyewe wa kuutunza hosteli. Atahitaji kuunyunyizia maji asubuhi na jioni, na wakati huu wa mvua vichwa vya kwanza vitatoka kama wiki moja baada ya kuutoboa.